Kufuli Mlangoni mwa Mpangaji

Msikilizaji, tarehe tano imepita. Kutoka Makutano na Kooje mjini Meru hadi Majimbo, Dallas na Kangaru mjini Embu, wiki hii keateka anabisha mlango mmoja hadi mwingine akikumbusha watu kodi. Kwingine habishi. Mpangaji anarudi jioni kutoka kibaruani na kukuta kufuli ya pili juu ya yake. Godoro, sufuria, sare za watoto, dawa za mama za presha, vyote vimefungiwa ndani.

Nasema bila kuzunguka: mwenye nyumba hana haki ya kufanya hivyo, hata akidai miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba ikiwa mpangaji bado anakaa ndani, anayetaka kurudishiwa nyumba kwa sababu ya makosa ya mpangaji huyo ampe notisi kisha aende mahakamani. Akitaka kukamata mali kufidia kodi, iko Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, na kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni. Keateka hana mamlaka hayo, wala kijana wa mtaa aliyelipwa ang'oe mlango au mabati. Kukata maji ili mtu ahame mwenyewe ni njia ileile ya kumfukuza, ila tu imefanywa kimyakimya.

Sheria hiyo ya 2012 ina jambo jingine ambalo wengi wetu hatujaambiwa. Kuna ahadi zinazohesabiwa kuwa zimo katika kila mkataba wa kupanga, hata kama hamkuandika neno. Mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu. Nyumba ya kuishi iwe inafaa kuishi binadamu siku anapokabidhiwa. Palipo na wapangaji wengi katika jengo moja, paa, kuta kubwa, mitaro na sehemu za pamoja ni juu ya mwenye nyumba kuzitengeneza. Kwa hiyo mama wa Majengo anayetega beseni chini ya paa linalovuja anapouliza lini litazibwa, haombi msaada. Anadai alicholipia.

Sasa nikugeukie wewe mpangaji. Katika kaunti zetu hizi, ploti nyingi si za matajiri wakubwa. Ni za mwalimu mstaafu, ni za mkulima wa kahawa wa Embu au wa miraa na majani chai wa Meru, aliyechukua mkopo wa sacco akajenga vyumba kumi. Sacco haingoji mpangaji apate pesa. Unapohama usiku na kuacha deni la miezi miwili, unamwachia mzee huyo mzigo wako aubebe. Sheria inakutaka ulipe kodi kwa wakati, urudishe nyumba katika hali uliyoipokea isipokuwa uchakavu wa kawaida, umruhusu mwenye nyumba aje kukagua kwa saa zinazofaa baada ya kukuarifu, na usimpangishe mtu mwingine bila idhini yake. Vijana wa Nchiru na Kangaru, mnaosoma Chuo Kikuu cha Meru na Chuo Kikuu cha Embu, hilo la mwisho linawahusu sana. Bedsita iliyopangwa na mmoja inapolaza wanne, choo kinafurika, na jirani asiyehusika ndiye anayeumia.

Kuhama nako kuna utaratibu. Kama hamkuandikiana muda, na kodi ni ya kila mwezi, notisi ni mwezi mmoja kamili, na iishe siku ya kulipa kodi. Hilo linawafunga wote wawili. Mwenye nyumba anayesema "kufikia Jumapili uwe umetoka" amekosea, na mpangaji anayeaga huku gari limeshapakiwa amekosea vilevile.

Dipoziti ndiyo inayoleta machozi. Mtu amekaa miaka minne, anatoka, anaambiwa pesa zake zimekwenda kwa rangi. Rangi iliyofifia kwa miaka minne ni uchakavu wa kawaida. Kioo ulichovunja ni deni lako. Ili mtu asije akabishana kwa kumbukumbu, siku ya kuingia pigeni picha kila chumba, andikeni namba ya mita ya stima na ya maji, mtie sahihi wote wawili. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Risiti zinamfaa mwenye nyumba pia: anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka anatakiwa kulipa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote, na asiye na kitabu hawezi hata kujua anadaiwa kiasi gani.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo picha na risiti haziwezi kulitatua. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ndiyo yenye baraza maalumu la kusikiliza mpangaji wa nyumba ya kuishi, na ndiyo inayomfanya mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji ili ahame kuwa mkosaji. Lakini inawalinda tu wale ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chake cha kodi bado kinarejea tarehe 1 Januari 1981. Zunguka Makutano leo ukitafuta bedsita ya 2,500. Mfanyakazi wa duka la Gakoromone na mwanafunzi wa Kangaru wamebaki nje ya sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu kama wao.

Kwa hivyo nawaomba wabunge wetu, na kwanza wa Imenti Kaskazini na wa Manyatta, kwa kuwa miji hii miwili imo katika maeneo yao: pandisheni kiwango hicho kilingane na kodi zinazolipwa sasa, kisha mhakikishe baraza linakuja kusikiliza kesi Meru na Embu kwa ratiba inayojulikana, ili anayedai dipoziti ya shilingi 5,000 asilazimike kutumia nauli ya kwenda Nairobi.