Dominika ya 22 ya Mwaka B: Ukaguzi wa Nje na Ukaguzi wa Moyo



Nawasalimu kutoka Pongwe, kandokando ya barabara kuu itokayo Tanga kwenda Segera. Katika Injili ya Dominika ya leo, Marko sura ya 7, Mafarisayo wanawaona wanafunzi wa Yesu wakila chakula bila kunawa mikono kama desturi ya wazee ilivyodai, nao wanalalamika. Bwana wetu anawafundisha kwamba uchafu wa mtu hauanzii mikononi wala katika sahani, bali huzaliwa moyoni, na kwamba humo ndimo wizi, uuaji, kijicho na kiburi vinamopata asili yake.

Ningependa tulitafakari fundisho hilo kwa msaada wa jambo ambalo baadhi yenu mmeliona wenyewe, na wengine mmelisikia kwa watoto wenu wasafirio, yaani ukaguzi wa abiria katika viwanja vya ndege.

Kwa kazi za Kanisa nimelazimika kusafiri kwa ndege mara nyingi, hata nimeuzoea utaratibu wake. Abiria huvua mkanda na saa, na mahali pengine hata viatu. Mfuko wake huingizwa katika mashine ya eksirei, naye mwenyewe hupita katika mlango unaolia ukigundua chuma. Mashine ile humwonyesha mkaguzi vitu kwa rangi: chakula, nguo na karatasi huonekana kwa rangi ya chungwa, na chuma kwa rangi ya buluu. Nakiri mbele yenu kwamba mwanzoni niliona udhia mtupu. Nilijisemea, “Mimi padre, nipekuliwe kama mwizi!”

Hata hivyo, ukaguzi huo haukuzuka bure. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka tarehe 26 Februari 1982, ndege ya shirika letu la taifa ilipotekwa nyara ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Vijana walioiteka walimtaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Abiria walizungushwa Nairobi, Jeddah na Athens, mpaka ndege ilipotua Stansted, Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha tarehe 28.

Tena tarehe 23 Novemba 1996, vijana watatu waliiteka ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Walimwamuru rubani awapeleke Australia, wala hawakutaka kumsikiliza alipowaambia kwamba mafuta hayatoshi. Ndege iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na ufuko wa Ngazija, huko Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, miongoni mwao Mohamed Amin wa Kenya, mpiga picha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984. Vijana wale walidai wana bomu. Baadaye ilijulikana kwamba kile walichokiita bomu kilikuwa chupa ya pombe. Hebu tulitafakari jambo hilo, ndugu zangu. Chupa ile peke yake isingemdhuru mtu yeyote. Hatari ilikuwa ndani ya mioyo ya wale walioishika.

Baada ya njama iliyogunduliwa Uingereza mwezi Agosti 2006, ya kulipua ndege kwa vimiminika vilivyofichwa katika chupa za vinywaji, viwanja vingi viliweka sheria kwamba abiria asiingie ndani ya ndege na chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100. Basi, sheria hiyo ndiyo inayonifikisha katika kisa ambacho nimekuwa nikikibeba moyoni.

Miaka michache iliyopita nilisafiri pamoja na mzee mmoja Mwislamu, jirani yangu hapa Pongwe. Yeye alikuwa anakwenda Muscat kumwona binti yake aliyejifungua, nami nilikuwa na safari ya mkutano. Tulitoka nyumbani kwa basi moja, tukanunua machungwa tulipopita Muheza, tukayala njiani kwa mazungumzo mazuri. Mzee alivaa kanzu nyeupe na kofia yake ya kushonwa kwa mkono. Mkobani alikuwa na chupa ya asali kwa ajili ya mzazi.

Tulipofika uwanja wa ndege, ambao sitautaja jina, nilitangulia mimi nikiwa nimevaa ukosi wa kipadre. Mkaguzi aliutazama ukosi wangu kuliko alivyokitazama kioo cha mashine yake. Akatabasamu, akasema, “Pita, Padre, utuombee.” Nikapita.

Nyuma yangu mzee akazuiwa. Asali ilitolewa ikatupwa pipani, na hapo sina la kulaumu, kwa sababu sheria ni sheria, nayo ilitungwa kulinda uhai. Lakini mambo hayakuishia hapo. Aliamriwa avue kofia, akabaki kichwa wazi mbele ya vijana wa umri wa wajukuu zake. Tasbihi yake ilimwagwa mezani, ikageuzwageuzwa kana kwamba ni silaha, hali rozari yangu ilipita mfukoni bila kuguswa. Aliulizwa kwa sauti kubwa anakwenda kwa nani, na nauli kaipata wapi. Mimi sikuulizwa neno. Alinitazama mara moja tu. Nami nikajifanya nafunga kamba za viatu vyangu.

Tukiwa ndani, katika ukumbi wa kusubiri, niliingiza mkono mkobani kutafuta kitabu cha sala. Ndugu zangu, nikashika kisu! Kilikuwa kisu kidogo cha kumenyea machungwa, nilichokitumia kule Muheza nikakisahau. Mashine haikukosa kukionyesha. Aliyepaswa kukiona ndiye aliyekuwa akiutazama ukosi.

Kwanza nilitaka kukitupa kimyakimya. Dhamiri ikanisuta, nikarudi nikakikabidhi kwa mkaguzi yule yule. Akacheka, akasema, “Aa, Padre, wewe hatuna wasiwasi nawe.” Na hapo tena, mahali ambapo ningeweza kuuliza kwa upole kwa nini walikuwa na wasiwasi na mwenzangu, nilinyamaza kwa mara ya pili.

Nilikwenda kuketi karibu na mzee, nikamwambia yote, hata habari ya kisu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Padre, asali ni riziki, Mungu ataleta nyingine. Lakini wewe ulinijua, ukanyamaza.” Hakusema zaidi. Huyu ndiye mzee ambaye kila tunapofiwa hapa Pongwe huja kusaidia kuchimba kaburi, awe aliyekufa ni Mkristo au Mwislamu.

Wapendwa wasikilizaji, wala sikutakiwa kuuzuia ukaguzi. Mzee alipaswa kukaguliwa, nami nilipaswa kukaguliwa vilevile. Ningeweza tu kurudi hatua mbili na kusema, “Huyu ni jirani yangu, tumetoka pamoja. Naomba apewe kiti, na kofia yake aipokee kwa heshima.” Maneno machache hayo hayakunitoka, kwa kuwa niliiogopa aibu kuliko nilivyompenda jirani. Mlango ule wa chuma haukulia nilipopita. Laiti ungekuwa unapima moyo, ungelia mpaka kijiji kizima kikasikia.

Dominika ijayo, katika somo la pili, Mtakatifu Yakobo atawakemea wale wanaomkaribisha mwenye mavazi ya fahari na kumsimamisha maskini pembeni. Kosa hilo si la mkaguzi peke yake. Tunalifanya ofisini, hospitalini, sokoni, na hata mlangoni mwa kanisa. Tunamsoma mtu kwa ukosi, kwa kanzu, kwa jina, kwa kabila, kisha tunadhani tumekwisha kuujua moyo wake.

Kwa hiyo, nawasihi mambo matatu. Ninyi mliokabidhiwa kazi ya kukagua watu, iwe uwanjani, bandarini, mpakani au katika geti la kiwanda, fanyeni kazi yenu kwa bidii, maana mnalinda roho za watu. Ila mkague wote kwa kipimo kimoja, na mkono unaopekua usisahau adabu. Ninyi mnaokaguliwa, pokeeni kwa uvumilivu, wala msidai kupita bure kwa sababu ya cheo. Padre naye ana mkoba, na mkoba una kisu. Nasi tunaosimama kando tukitazama, tusijifanye tunafunga viatu.

Hatimaye, kila jioni kabla ya kulala, tupite mbele ya Mungu, ambaye hutujua ndani na nje bila mashine yoyote. Tujiulize: Leo nimebeba nini moyoni? Nimemdhania nani vibaya? Nimenyamaza wapi palipohitaji neno langu? Tukikuta kisu tulichokisahau, tusione haya kurudi kukikabidhi. Ndiyo maana Kanisa linatupatia Sakramenti ya Kitubio.

Mzee yule alirudi salama kutoka Muscat. Nilimpelekea chupa ya asali, akaipokea kwa mikono miwili, akanikaribisha chai. Tulipoketi barazani nilimwomba msamaha mbele ya wanawe, naye akanisamehe. Nakiri kwamba maneno hayo yalikuwa mazito kwangu kuliko mkoba wowote niliowahi kuubeba.

Mungu atujalie moyo safi, na ujasiri wa kumtambua jirani mbele za watu. Tumsifu Yesu Kristo.