NASAHA KWA VIJANA WANAOTAKA KUTANGAZA KATIKA TELEVISHENI



Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa picha za rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya binafsi, kikiwemo ITV, vilipoanza Dar es Salaam. Leo vituo ni vingi, lakini wanaoomba kutangaza ni wengi zaidi.

Kijana atokaye Mbagala kwenda Mikocheni kuomba nafasi aelewe kwamba kipimo cha kwanza ni Kiswahili fasaha. Asome gazeti kwa sauti kila siku, atenganishe "r" na "l", na ikiwezekana aanzie redioni, ambako sauti hukomaa.

Wazazi, msaidieni nauli. Mafunzo ya mwanzo mara nyingi hayana malipo.

Atakayedaiwa fedha au mwili wake ili apewe kazi, akatae na atoe taarifa TAKUKURU. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua rushwa ya ngono kuwa ni kosa. Heshima ya kijana haiuzwi kwa kipindi.