Karatasi Ndani ya Mfuko wa Mchanga

(Mazungumzo kwa wanakisomo waliohitimu)



Leo tunazungumza juu ya kambi ya watafuta almasi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaposikia almasi tunafikiri Mwadui, ambayo Dakta Williamson aliigundua mwaka 1940. Lakini leo twende mbali, Siberia, nchini Urusi. Nchi ni nyingine, ila mwamba ni wa aina moja. Huko, kama Mwadui, almasi hukaa ndani ya mwamba uitwao kimberlaiti, uliopanda kutoka chini sana ardhini kama kitu kinachopita ndani ya bomba.

Kambi yenyewe ilikuwa ya watu wawili tu. Mmoja alikuwa mama wa miaka 30, mtaalamu wa miamba, jina lake Larisa Popugayeva. Wa pili alikuwa kibarua wake, Fyodor Belikov. Huyo mama alimwacha mtoto wake mdogo wa kike mjini Leningrad. Ilikuwa mwaka 1954, wakati wa Muungano wa Kisovieti.

Maisha ya kule yalikuwaje? Kwanza, hakuna barabara. Njia ni mto. Kiangazi ni kifupi, na katikati yake zipo siku usiku hauingii kabisa. Saa sita ya usiku unaona kama jioni. Mbu na usubi ni wengi ajabu. (Tusifikiri mbu ni wa kwetu tu!) Lakini ukichimba kidogo tu unakuta udongo umeganda kama barafu, hata kiangazi. Chakula cha watafiti wa zama zile kilikuwa mikate mikavu, nyama ya kopo, samaki wakipatikana, na chai. Kulala ni ndani ya hema. Theluji ikianza kabla kazi haijaisha, basi, mwaka mzima umepotea.

Na kazi yao ilikuwa nini? Kuosha mchanga. Mama zetu wataelewa upesi. Ukiosha mchele ndani ya maji, mchele unatoka na changarawe inabaki chini, sivyo? Wao nao waliteka mchanga wa mto Daldyn, wakauosha ndani ya karai mpaka kikabaki kile kizito. Humo walitafuta punje ndogo nyekundu ziitwazo piropi. Piropi si almasi, lakini hutoka katika mwamba ule ule, na ni nyingi kuliko almasi. Njia hii ya kufuata punje nyekundu iliendelezwa huko na mwenzake, Natalia Sarsadskikh. Mwaka 1953 walikuwa pamoja huko Daldyn na wakaziona punje hizo. Mwaka uliofuata Sarsadskikh hakuweza kusafiri kwa sababu ya uzazi.

Sasa hapa ndipo kalamu inapoingia. Kila mchanga uliooshwa uliwekwa katika mfuko wake, pamoja na karatasi yenye namba. Namba hiyo hiyo iliandikwa katika daftari, na mahali ulipotekwa. Kwa nini? Punje zikiongezeka kadiri unavyopanda mto, unaukaribia mwamba. Zikitoweka, umekwisha kuupita, rudi nyuma. Bila karatasi, mchanga ni mchanga tu. Ni kama karani wa pamba apime magunia yote halafu asiandike ni ya nani. Hebu fikirini kelele za siku hiyo!

Punje zikawaongoza kutoka mtoni hadi kwenye kijito, kutoka kijito hadi mlimani. Huko walitambaa kwa magoti, wakifunua majani laini yaliyofunika ardhi na kuchungulia chini yake. Tarehe 21 Agosti, 1954, wakakuta udongo wa rangi ya samawati. Ndiyo kimberlaiti, bomba la kwanza kugunduliwa katika Muungano wa Kisovieti. Akaliita Zarnitsa, yaani umeme wa mbali.

Mngedhani alirudi kwao kwa vigelegele. Sivyo. Shirika lililokuwa linatafuta almasi katika eneo lile halikuwa mwajiri wake. Wakubwa wa shirika hilo wakambana, wakamzuia, mpaka akaandika barua ya kuomba kazi kwao, na tarehe ikarudishwa nyuma. Kwa barua hiyo ugunduzi ukawa wao. Alipofika Leningrad, wenzake walimwona msaliti. Mwaka 1957 ilitolewa Tuzo ya Lenin kwa ugunduzi wa almasi zile. Majina ya mama wale wawili hayakuwamo. Popugayeva alipewa nishani tu.

Tazameni basi: mama huyu aliandika vikaratasi vingi, na karatasi moja ikamshinda. Si kwamba hakujua kusoma. Alikuwa peke yake, amechoka, mbali na kwao. Sisi hatumlaumu.

Cheti cha kumtambua kuwa mgunduzi alikipata mwaka 1970. Alifariki mwaka 1977.

Kwa kikao kijacho, kila mmoja wetu aje na karatasi moja aliyopata kuitia sahihi au dole gumba: ya mkopo, ya shamba au ya ushirika. Tutaisoma pamoja, tukianza na tarehe.