MAFUNZO YA KAZI YASIWE YA KUSINZIA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tseikuru)



Tumeombwa tuseme habari za mafunzo kazini. Tutasema tuliyoyaona kwa macho yetu.

Sisi watunza mashine za maji tulipelekwa mafunzoni siku 3. Tulikalishwa ukumbini mchana kutwa, katika joto hili mnalolijua, tukasomewa karatasi za Kiingereza. Pampu yenyewe hatukuonyeshwa. Siku ya mwisho tulitia sahihi, tukapokea nauli, tukapigwa picha. Tusifichane: wengi wetu tuliikumbuka nauli kuliko somo.

Kiangazi kilipokuja, maji ya kisima yakashuka. Pampu ya namna ile hukaa chini, ndani ya maji, na mota yake hupozwa na maji hayo hayo. Ikizunguka pakavu huungua. Mshale wa mita ya umeme ulikuwa umeshuka. Mwenzetu wa zamu aliutazama, lakini hakuna aliyewahi kumwambia maana yake. Mota ikaungua. Akina mama wakarudi kufukua mchanga wa mto majuma mengi, na mwenzetu akaandikiwa barua ya onyo. Kwenye karatasi alikuwa amekwisha kufundishwa. Sahihi yake ilikuwako!

Kumbukeni mwethya. Mgeni wa kuchimba matuta ya fanya juu hakukalishwa akahutubiwa. Alipewa jembe, akawekwa kando ya mtu anayeijua kazi, akatupa udongo upande wa juu. Akikosea walichekwa wote wawili, akarekebishwa papo hapo. Jioni alikuwa na tuta lake.

Basi tukienda mbele ya mwajiri tusidai mafunzo tu, tuseme ni ya namna gani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanya kazi maelezo na mafunzo ya kuwalinda kazini. Tena iko tozo ya mafunzo, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, ambayo mwajiri huilipa mwenyewe. Si hisani, basi. Mwalimu aje mashineni. Atuulize kwanza kinachotushinda, aseme Kiswahili, na panapobidi Kikamba. Kila mtu afungue na kufunga kwa mkono wake. Mwalimu arudi baada ya mwezi aone kama tunakumbuka, na saa hizo zihesabiwe kuwa saa za kazi.

Na sisi tuna kosa letu. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" tunaitikia "Ndiyo!" kwa sauti moja ili chakula kije. Tuache. Wala tusitie sahihi kwa somo ambalo hatukufundishwa.

Barua ya mwenzetu bado imo katika faili. Halmashauri ya tawi inaandika kutaka iondolewe, na mwalimu aletwe kisimani kabla ya kiangazi kijacho. Mwenye swali juu ya mashine yake ampe katibu kabla ya mwisho wa mwezi, hata kwa mdomo.