Mgeni Siku ya Tatu: Jembe au Kambi?

(Hotuba iliyosomwa ukumbini, Upanga, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniagiza nieleze kazi ninayoifanya, nami nakiri kwamba si rahisi kuieleza. Nilipopata shahada ya uzamivu shangazi yangu alichinja mbuzi, akijua kusoma sasa kumekwisha. Aliposikia kwamba narudi chuo kikuu kwa utafiti wa miaka mingine miwili, alinivuta kando akaniuliza polepole kama nilifeli. La hasha, sikufeli. Kuna utafiti ambao mtu huufanya baada ya shahada hiyo, na mimi nilikuwa na swali ambalo halijaniachia tangu nilipokuwa kijana wa shule hii.

Swali lenyewe ni hili: watu wanapolazimika kukimbia makwao, serikali ya nchi waliyoikimbilia hufanya nini? Na kwa nini serikali ile ile huwapokea wengine kwa namna moja na wengine kwa namna nyingine kabisa?

Swali hili sikulipata katika vitabu. Mwaka 1997 nilikuwa Kidato cha Pili. Dawati moja nilikaa na kijana mpole, hodari wa hesabu, ambaye alituambia kwamba yeye ni Muha wa Kasulu. Jioni tulivuka pamoja Barabara ya Morogoro pale Faya, tukashika Mtaa wa Msimbazi hadi Kariakoo, ambako kaka yake alikuwa na cherehani kwenye baraza la duka. Siku moja kaka yule, kwa kuniamini, alinieleza kwamba wao si Waha. Wazazi wao walitoka Burundi mwaka 1972, na wao wenyewe walizaliwa Katumba, Mpanda. Aliniomba nisimwambie mtu. Nikaahidi.

Haikupita miezi miwili, tukagombana uwanjani juu ya nani awe golikipa. Kwa hasira, mbele ya darasa zima, nikamwambia: "Rudi kwenu, mkimbizi!" Jumatatu iliyofuata hakuja shuleni. Wala Jumatatu nyingine. Dawati lile nililikalia peke yangu hadi mwisho wa mwaka. Nitarudi kwake kabla sijamaliza. Kwanza nieleze kile nilichokuja kujifunza baadaye.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu. Lakini itazameni vizuri. Kumpa mtu jembe ni kumpa na mahali pa kulima. Ni kumwambia: sasa wewe ni mmoja wetu, fanya kazi nasi. Historia ya wakimbizi katika nchi yetu inaweza kuelezwa yote kwa methali hii, kwani ulikuwapo wakati ambapo Serikali ilitoa jembe, na ukaja wakati ikalizuia.

Nchi hii imepokea wakimbizi tangu kabla ya Uhuru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiasi cha Wapolandi 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi Tengeru karibu na Arusha. Nawataja ili vijana wajue kwamba hata Mzungu amekuwa mkimbizi, na alikuja kuhifadhiwa Afrika. Kuanzia mwaka 1959 walikuja Watutsi kutoka Rwanda. Kuanzia mwaka 1964, vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji, maelfu walivuka Mto Ruvuma, na hapa Dar es Salaam FRELIMO ilikuwa na chuo chake Kurasini. Kisha, mwaka 1972, yakatokea mauaji makubwa ya Wahutu nchini Burundi, na zaidi ya watu laki moja wakakimbilia kwetu.

Serikali ilifanya nini? Iliwapa jembe. Ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kikristo la TCRS, ilifungua mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kila familia ilipewa shamba la hekta 5. Chakula cha msaada kilitolewa mpaka mavuno yalipowatosha, kisha kikasimama. Walilima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, wakalisha na wengine. Hadi katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa yamekwisha kabidhiwa kwa Serikali. Mwaka 1980 Serikali ilikubali kuwapa uraia Wanyarwanda karibu 36,000. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa waliowatendea mema wakimbizi.

Ndugu zangu, tusijisifu kupita kiasi. Hata zama zile mkono wa Serikali ulikuwa mzito. Sheria ya mwaka 1965 ilikuwa sheria ya kuwadhibiti wakimbizi, na jina lake lilisema hivyo waziwazi. Mtu hakutoka katika makazi bila kibali. Ulyankulu ilipozidiwa na watu, wengi walihamishiwa Mishamo, wapende wasipende. Hata hivyo jembe lilikuwa mkononi mwao.

Halafu hali ikageuka. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu wakaikimbia nchi ile. Mwaka uliofuata yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Fikirini uwanja wa taifa uliofurika, kisha uzidisheni mara nne. Umati huo wote ukapita juu ya daraja moja kwa siku moja. Na miongoni mwa waliovuka walikuwamo wauaji wenyewe, wamejichanganya na wasio na hatia.

Safari hii hapakuwa na hekta 5. Palikuwa na hema, foleni ya maji na foleni ya mahindi. Tarehe 31 Machi 1995 Serikali ilifunga mpaka na Burundi. Desemba 1996 iliwatangazia Wanyarwanda wawe wamerudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi, na wale waliojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi yetu wakageuzwa na askari kuelekea Rusumo. Mwaka 1997, mkoani Kigoma, wageni waliokuwa wakiishi vijijini, wengine kwa miaka mingi, walikusanywa wakapelekwa kambini. Ikaja Sheria ya mwaka 1998, na taratibu za kumzuia mkimbizi asitoke zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Mtu aliyefungiwa ndani ya kilomita 4 hawezi kulima, hawezi kuchuuza, hawezi kufundisha. Halafu husemwa kwamba anapenda kula vya bure!

Angalieni lugha yetu inavyotoboa siri. Katumba iliitwa makazi. Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, iliitwa kambi. Makazi yametoka katika kukaa. Kambi ni ya askari na wasafiri. Hupigwa jioni, ikang'olewa asubuhi. Lakini Nyarugusu ilikaa miaka ishirini na zaidi. Mtoto alizaliwa pale, akasoma pale, akaoa pale, na kote huko aliambiwa kwamba yuko safarini.

Kwa nini serikali ya nchi ile ile ilibadilika? Katika utafiti wangu nimeona kwamba kila serikali, iwe maskini au tajiri, inapomwona mkimbizi mpakani hujiuliza mambo matatu: Huyu ni nani kwetu? Nani atamlisha? Ataondoka lini?

Miaka ya 1970 majibu yetu yalikuwa mepesi. Huyu ni ndugu yetu Mwafrika, na ukombozi wa Afrika ni kazi yetu. Atajilisha mwenyewe, kwani ardhi ipo na tunataka mapori yafunguliwe. Ataondoka nchi yake ikitengemaa. Miaka ya 1990 majibu yalikuwa mengine. Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kupiga kura mwaka 1994, na ndoto ya ukombozi imefika mwisho wake. Bajeti ilibanwa na masharti ya wakopeshaji. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na katika uchaguzi wa mwaka 1995 mbunge wa mpakani alipaswa kumjibu mwananchi aliyelalamika kwamba miti imekatwa, visima vimekauka na majambazi wameongezeka. Malalamiko yale hayakuwa ya uongo. Na nchi tajiri zilizotusifu hazikuwa tayari kubeba mzigo pamoja nasi. Nazo zimefanya yale yale: mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulikubaliana na Uturuki, kwa fedha nyingi, iwazuie wakimbizi wasivuke bahari kwenda Ugiriki.

Kwa hiyo sikusimama hapa kuilaumu Serikali. Nasema tu kwamba sheria peke yake haimwokoi mkimbizi. Kinachomwokoa au kumwangusha ni jibu la swali la kwanza: huyu ni nani kwetu? Na swali hilo halijibiwi wizarani tu. Linajibiwa vijijini, sokoni, na hata katika uwanja wa mpira wa shule.

Jibu jema linaweza kurudi. Mwaka 2007 Serikali iliamua kuwauliza wale wa mwaka 1972, wakati huo wapatao 218,000 katika makazi matatu, kama wanataka kurudi Burundi au kuwa Watanzania. Karibu wanane katika kila kumi walichagua kubaki. Mwaka 2010 uraia ulikubaliwa kwa zaidi ya watu 162,000. Nchi chache sana duniani zimefanya jambo kubwa kama hilo kwa mkupuo mmoja. Lakini kulikuwa na sharti: wahame katika makazi, watawanywe mikoani. Hati zikazuiliwa. Kwa miaka minne watu wale hawakuwa Warundi tena, wala hawakuwa na karatasi ya Utanzania. Mtu asiyejua mwakani atakuwa wapi hapandi mwembe. Mwaka 2014 sharti lile liliachwa, na hati zikaanza kugawiwa.

Sasa nirudi kwa mwenzangu. Wakati wa utafiti nilisoma kitabu cha Marc Sommers, kilichotoka mwaka 2001, juu ya vijana wa Kirundi waliojificha Dar es Salaam wakishona nguo, wakiogopa kila siku kutambuliwa. Nilifunga kitabu, nikatoka, nikaenda Kariakoo. Niliuliza baraza kwa baraza kwa siku tatu. Siku ya nne nikampata.

Ana duka dogo na cherehani nne. Alinitambua kabla sijasema jina langu. Niliomba radhi, na sauti yangu haikuwa thabiti kama ilivyo leo. Alinieleza kwamba baada ya siku ile kaka yake aliogopa. Habari za Kigoma zilikuwa zimewafikia, nao walikuwa mjini bila kibali. Akamrudisha Katumba kwa treni wiki ile ile. Hakumaliza Kidato cha Pili. Mwaka 2014 alipata hati yake ya uraia, akarudi mjini kwa mlango wa mbele. Hati ile ameifunga katika nailoni, akaiweka ndani ya kitabu cha hesabu cha shule hii ambacho hakupata nafasi ya kukirudisha maktaba.

Vijana, anashona sare za shule. Huenda baadhi yenu mmevaa mashati yake hivi sasa.

Nilimwalika leo. Alicheka, akasema kwamba yeye si mwanafunzi wa zamani kwa kuwa hakumaliza. Ameniruhusu kuieleza habari hii bila kutaja jina lake. Lakini jina hilo ninalo, nimeliandika katika karatasi hii. Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu uamue liandikwe katika daftari la Chama chetu, pamoja na mwaka aliouanza, kama yalivyoandikwa majina yetu sote. Akikubali kuja mwakani, akae mbele.

Na ninyi vijana, katika kila darasa yuko mtu anayeficha alikotoka. Siwaombi mkamtafute. Nawaomba siku ile hasira itakapowapanda uwanjani, neno lile mlimeze. Mimi nililitema mara moja, katika nusu dakika, nalo lilimgharimu mwenzangu elimu yake.