Mikono Yetu na Pikipiki ya Mtindo wa Mbio

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kakamega)



Tulipoombwa kusema leo tulidhani mwataka khabari za mishahara. Mwenyekiti akatuambia, hapana, semeni khabari ya ile pikipiki yenu, maana wenzetu wengine wameanza kununua za namna hiyo. Basi tutasema, na wenye kucheka wacheke.

Mwajua jinsi tukaavyo. Mji wetu wa Kakamega hauna stesheni. Njia kubwa ya kwenda Uganda yapita kaskazini, Lugari na Webuye, na lile tawi litokalo Kisumu laishia Butere. Mwenye nyumba hapa na kazi kule hana budi kusafiri. Wazee wetu walikwenda kwa baiskeli. Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki zisizozidi 250 cc, hata mtu wa gengi aliweza kufikiri kununua yake.

Sisi wawili tukaao Amalemba tulikuwa na Boxer moja, usukani wake mrefu, kiti chake kama benchi. Tukaiuza, tukaongeza fedha, tukanunua pikipiki ya mtindo wa mbio iliyokwisha tumika. Usukani wake uko chini, vikanyagio viko nyuma, tangi limeinuka kama nundu ya ng'ombe. Kweli tuliipenda kwa macho. Siku ya kwanza watoto wa mtaa walitushangilia.

Baada ya majuma matatu kidole cha mwisho na kile cha pili yake vilianza kufa ganzi. Shingo ikauma, kiuno kikauma. Kila mmoja alimficha mwenzake, maana nani atakubali kwamba pikipiki aliyoringia yamshinda? Ndipo siku moja, tukiinua reli, mtaimbo ukamponyoka mmoja wetu. Ulianguka inchi chache kutoka mguu wa mwenzetu wa gengi. Hakuumia. Lakini alituangalia, wala hakusema neno, na sisi tulijua sababu. Tulikuwa hatuhisi chuma mkononi.

Tukaenda kwa daktari. Akatubonyeza hapa, chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, akasema mshipa wa fahamu wapita hapo, nasi twaulalia kila siku kwa uzito wa mwili wote, huku injini ikiutikisa. Akasema tukiendelea hivyo nguvu za mkono zitapungua, na huenda zisirudi zote.

Sasa swali ni hili: kwa nini mtu atengeneze pikipiki ya kuumiza? Ndugu, hakuitengeneza kwa ajili yetu. Ile ni sura ya pikipiki za mashindano. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa London walizishusha usukani pikipiki zao ili zifanane na zile za mashindano, na mtindo huo haujakwisha hata leo. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo wa upepo kifuani wazidi mara nne. Mshindani aendaye kilometa 150 kwa saa huegemea upepo kama mtu aegemeavyo ukuta, na mikono yake haichukui mzigo mkubwa. Lakini sisi twapita Khayega siku ya soko, katikati ya ng'ombe na matatu. Mjini sheria yatupa kilometa 50, na mara nyingi hatuzifikii. Hapo upepo hausaidii kitu. Kichwa, helmeti, mabega, vyote vyashuka viganjani.

Tulitaka kuiuza, lakini bei tuliyopewa ilikuwa ya kututukana. Ikabidi kujifunza.

Kwanza, mgongo. Mwalimu wetu wa shule ya misheni alitufundisha kukaa wima kama mlingoti, na kwa dawati yafaa. Juu ya pikipiki hii huwezi, maana usukani uko mbali. Basi wengi hupinda mgongo kama paka, na hilo ndilo kosa. Kumbukeni tunavyoinua taruma: hatupindi mgongo, twapinda nyonga na magoti. Ni vivyo hivyo. Inama kutoka nyongani, mgongo ukae umenyoka, kaza tumbo kidogo. Bana tangi kwa mapaja na magoti. Weka sehemu pana ya mbele ya wayo juu ya kikanyagio, si katikati. Mapaja na tumbo vikichukua mwili, mikono yapumzika.

Utajuaje kwamba imepumzika? Sisi twajipima hivi: njia ikiwa nyofu na tupu, twapigapiga viwiko kidogo kama kuku apigavyo mabawa, bila kuachilia usukani. Viwiko vikikataa kucheza, mikono imekaza na mzigo uko viganjani. (Mwenzetu wa Shinyalu asema ndiyo sababu Waluhya watakuwa madereva hodari, kuku twamjua.) Viwiko vikae vimepindika siku zote. Kiwiko kilichonyoka chapeleka kila shimo begani moja kwa moja. Na penye tuta, punguza mwendo, inua makalio kidogo, miguu ipokee pigo.

Pili, klachi na breki. Hapa ndipo tulipopata nafuu kubwa, na hatukulipa hata senti. Vyuma vile vilikuwa vimeelekea juu, basi kila tulipovishika kifundo cha mkono kilivunjika kwenda nyuma. Mmoja akakaa kitini kama anavyoendesha, akanyosha vidole, mwenzake akalegeza bolti za kushikilia, akavizungusha chini mpaka mkono, kifundo na vidole vikawa mstari mmoja. Akakaza. Ni kazi ya robo saa, kwa spana ndogo. Miezi yote ile tuliumia kwa sababu ya robo saa!

Usukani wenyewe ni jambo la kutazama sana. Kuna vipande vya kuuinua, na fundi mwenye akili aweza kuvitia. Lakini mkiuinua, zungusheni usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, mtazame kama waya au mpira wa breki wavutwa. Ukivutwa, usiondoke hapo. Na fundi atakayesema atakata chuma cha usukani akichomelee kingine, mshukuruni, mwende zenu. Siku kikikatika utakuwa huna usukani.

Springi ya nyuma twailegeza mtu akiwa peke yake, twaikaza tukiwa wawili. Ikikazwa mno pikipiki yainua nyuma, nawe wamwagwa mbele juu ya mikono. Upepo wa tairi fuateni maandishi ya kiwandani.

Ganzi yetu ilipungua polepole, ikachukua miezi miwili na zaidi. Kidole kidogo cha mmoja wetu bado huwasha asubuhi za baridi.

Liko neno moja la Chama. Wenzetu wanaoshika mashine za kushindilia kokoto chini ya mataruma hutikiswa mikono kutwa nzima. Mtu wa namna hiyo akifa ganzi vidole, naye ana pikipiki ya mbio, mkubwa wa kazi atasema upesi, hiyo ni pikipiki yako. Pengine ni kweli, pengine si kweli, pengine ni vyote viwili. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa waumiao kazini ipo, lakini yataka khabari. Basi andikeni tarehe ganzi ilipoanza, mashine mliyoishika, na saa ngapi. Mwende kwa daktari mapema, mkamweleze yote mawili, msifiche pikipiki. Sisi tulificha, na mguu wa mwenzetu nusura ulipe.

Baada ya maneno haya ndugu mmoja aliuliza khabari ya abiria. Tulimjibu kwamba sheria yaruhusu mmoja tu. Kila ushikapo breki abiria hukusukuma mgongoni, na mzigo wake washuka mikononi mwako. Mwambie ashike chuma cha nyuma, asishike mabega yako, nawe anza kupunguza mwendo mapema. Mwingine aliuliza kama kitambaa kinene juu ya kiti chafaa. Chafaa kama hakitelezi. Kiti kikiteleza utakuwa juu ya tangi kila mteremko.

Spana zetu tumemwachia Katibu. Mwenye kutaka kurekebishiwa klachi na breki alete pikipiki Jumamosi saa nne asubuhi, kabla mvua ya mchana haijaanza, na aje na mtu wa kumtazama akiwa amekaa kitini.