Daktari wa Mbwa Wako Amesajiliwa?

Leo nina neno na wewe unayefuga mbwa au paka. Yule kijana wa pikipiki anayekuchanjia mbwa getini, umewahi kumuuliza chanjo kaibeba vipi? Chanjo ya kichaa cha mbwa hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikishapigwa jua, umelipia maji. Mwangalie anapofungua begi: kichupa kitoke kwenye kiboksi chenye barafu, tarehe isomeke. Kisha mwombe namba yake ya usajili wa Baraza la Veterinari. Aliyesajiliwa hanuni.

Na hela? Uliza bei kabla mnyama hajapanda mezani. Majirani watatu mkimwita daktari siku moja, nauli yake mnagawana. Mimi niliona chanjo ya ugonjwa wa parvo ghali, nikaahirisha. Mtoto wa mbwa akaugua, akala dripu siku nne, na bili ile nyumbani sikuitaja.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingine huchanja bure. Muulize mapema ofisa mifugo wa kata yako, na kadi ya chanjo usiiache nyumbani.